Herufi Zenye Kivuli: Fonti ya Algerian na Maandishi ya Kiswahili Mpakani

Wengi wa wasomaji wa jarida hili wanaifahamu fonti ya Algerian, ijapokuwa huenda hawalijui jina lake. Ni ile herufi nene, nyeusi, yenye vijikia vilivyochongoka na mstari mwembamba unaoifuata pembeni kama kivuli cha mtu saa kumi za jioni. Aghalabu ndiyo iliyoandika neno CHETI juu ya cheti cha kuhitimu chekechea. Ndiyo iliyoandika jina la marehemu kwenye ratiba ya mazishi, jina la maharusi kwenye kadi ya mchango, na jina la kwaya kwenye fulana. Msomaji akishuka garini Busia, iwe upande wa Kenya au upande wa Uganda, atakutana nayo kwenye mabango ya maduka ya simu, saluni, shule za binafsi na makanisa kabla hajafika kwenye lango la forodha. Tororo nako hali ni iyo hiyo.

Katika makala haya tunanuia kueleza herufi hii ni ya namna gani, imetoka wapi, na kwa nini mwalimu wa Kiswahili anapaswa kuijali. Tunasema mwalimu wa Kiswahili kwa makusudi. Mafundi wa uchapaji wameshaandika mengi juu ya uzuri na ubaya wa fonti hii, lakini wengi wao wanaiangalia ikiwa imebeba Kiingereza. Ikibeba Kiswahili, mambo hubadilika kidogo, na badiliko lenyewe linahusu sarufi na tahajia, si urembo tu.

Asili na umbo

Herufi za Kilatini zinazopigwa chapa hugawanywa kwa desturi katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza lina vijikia kwenye ncha za mistari yake, vinavyoitwa serifu. Mfano wake ni Times New Roman, ambayo kila mwanafunzi aliyewahi kuwasilisha tasnifu anaijua. Kundi la pili halina vijikia. Mfano wake ni Arial. Algerian imo katika kundi la kwanza, ila ni mwanafamilia aliyependa mapambo. Haikukusudiwa kuchapa kurasa za kitabu. Ilikusudiwa kuita watu.

Katika karne ya 19, biashara ya matangazo ilipopanuka huko Uingereza, wachapaji walihitaji herufi za kupiga kelele ukutani: nene, ndefu, zenye kivuli, zenye maua, zenye mistari ndani ya mwili. Viwanda vya kusubu herufi za madini vikawa vinashindana kubuni mapambo. Algerian ilitoka katika kiwanda kimojawapo cha namna hiyo, Stephenson Blake cha mjini Sheffield, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Kwa hiyo hata ilipozaliwa ilikuwa na sura ya ukale, na sura hiyo ndiyo inayoiuza mpaka leo.

Na jina je? Fonti hii haihusiani na nchi ya Algeria kwa lolote tunalolijua la kiuandishi. Algeria yenyewe huandika kwa hati ya Kiarabu, kwa Kifaransa, na kwa hati ya Tifinagh ya Waamazighi. Ilikuwa desturi ya wachapaji wa Ulaya kuzipa herufi majina ya mbali ili zisikike za ajabu. Herufi zenye serifu nene za pembe nne waliziita za Kimisri baada ya Wazungu kushikwa na shauku ya mambo ya Misri, kufuatia safari ya kivita ya Napoleon ya mwaka 1798. Hivyo basi Sheffield iliazima jina la Afrika, ikalibandika kwenye herufi ya Kiingereza, na herufi ikaja kuuzwa Afrika. Hatuna ugomvi na hilo, ila linachekesha.

Ilifikaje mpakani?

Algerian ya madini hatuna ushahidi kwamba ilitamba katika maeneo haya. Iliyotamba ni ya kompyuta, iliyokuja pamoja na programu za Microsoft Office. Hapa kuna sababu moja ndogo ambayo sisi tunaiona kuwa kubwa: alfabeti. Katika kompyuta nyingi, ukifungua orodha ya fonti katika Word, unakuta Agency FB, kisha Algerian, kisha Arial. Karani wa ofisi ya kupiga chapa aliyeambiwa na mteja "nitafutie mwandiko mzuri", huku foleni ikiwa mlangoni, hakuhitaji kushuka hadi herufi Z. Uzuri ulikuwa mstari wa pili kutoka juu.

Lakini alfabeti peke yake haitoshi kueleza mapenzi haya. Kabla ya kompyuta, mabango ya Busia na Tororo yalichorwa kwa brashi na mafundi wa rangi, na fundi aliyejiheshimu hakuacha herufi bila kivuli. Alichora herufi kwa rangi moja, kisha akairudia pembeni kwa rangi nyingine, ikainuka ukutani. Tafadhali msomaji akumbuke pia kwamba inaaminika bodaboda ilizaliwa hapa Busia katika miaka ya 1960, kwa wapanda baiskeli waliobeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Vipande vya mpira vinavyokinga matope nyuma ya baiskeli hizo, na baadaye pikipiki, vimekuwa magazeti madogo yenye majina na misemo iliyochorwa kwa mtindo huohuo. Algerian ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, watu hawakuona kitu kigeni. Waliona kazi ya fundi wa rangi, sasa ikitoka kwa dakika moja. Mafundi wenyewe, bila shaka, waliliona jambo hilo kwa jicho jingine.

Tena Waswahili hawakufundishwa na Sheffield kuipamba herufi. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19 ina mapambo ya wino wa rangi ambayo watafiti bado wanayasoma kwa makini. Kuiona herufi kama kitu kinachostahili kuvishwa ni jambo la zamani katika pwani yetu. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaoicheka Algerian kama ushamba. Familia iliyompoteza mzee wake haitaki jina lake lichapwe kwa herufi ile ile iliyochapa bili ya maji. Inatafuta heshima, na katika ofisi ile ya kupiga chapa, heshima iliyopatikana ilikuwa na kivuli pembeni.

Kiswahili ndani ya herufi kubwa

Sasa tufike penye tatizo. Algerian inayokuja na Microsoft Office ina herufi kubwa tu. Ukipiga "mwalimu" unapata MWALIMU. Ukipiga "Mwalimu" unapata MWALIMU vilevile. Tofauti ya herufi kubwa na ndogo imefutwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Miles Tinker, aliyetafiti usomaji kwa miaka mingi na kukusanya matokeo yake katika kitabu cha mwaka 1963, alionyesha kwamba matini iliyochapwa kwa herufi kubwa tupu husomwa polepole zaidi kuliko ya herufi ndogo. Sababu imebishaniwa. Zamani ilisemwa kwamba jicho hushika umbo zima la neno, lenye vichwa na mikia. Watafiti wa baadaye wakasema jicho husoma herufi moja moja kwa pamoja, na kwamba tumezoea ndogo kwa kuwa ndizo tunazokutana nazo zaidi. Vyovyote iwavyo, mistari mingi ya herufi kubwa humchosha msomaji.

Kwa Kiswahili kuna ziada. Lugha yetu hupenda irabu, na irabu inayotawala ni a. Tuchukue agizo la kawaida: TAFADHALI NAWA MIKONO KWA SABUNI. Lina herufi 28, na kati ya hizo A ni 7, yaani robo kamili. A ndogo ni kitu cha duara, kifupi, kinachokaa kwa unyenyekevu kati ya wenzake. A kubwa ni paa la nyumba: pana chini, nyembamba juu, na inaacha uwazi pande zote mbili za kilele. Ukiipa kila A unene na kivuli, mstari wa Kiswahili hugeuka safu ya mapaa, na jicho haliwezi kupata mahali pa kushika. Tena maneno yetu ni marefu kwa sababu ya viambishi. WATAKAOHITIMU ni neno moja lenye herufi 13, ambalo Kiingereza kingeligawa katika vipande na kuweka nafasi katikati. Nafasi ni pumzi ya msomaji. Mtu anayeandika Kiswahili kwa Algerian anampa msomaji maneno marefu, yenye mapaa mengi, na pumzi chache.

(Jina la TORORO limebahatika katika hili. Lina herufi 3 tu tofauti, halina A hata moja, na O zake tatu zikivishwa kivuli hupendeza sana. BUSIA nayo haina shida. Huenda miji hii miwili ilistahili fonti hii kuliko sisi sote.)

Maandishi mafupi huvumilia. Jina la leso, kwa mfano, kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa tangu hati ya Kilatini ilipochukua nafasi ya hati ya Kiarabu kwenye vitambaa hivyo, na hakuna mnunuzi anayelalamika, kwa kuwa ni maneno machache yanayosomwa mara nyingi. Tatizo ni pale ambapo maneno ni mengi na msomaji ana nafasi moja tu ya kuyasoma. Mwaka 2020, wakati madereva wa malori walipokuwa wakisubiri vipimo vya korona kwenye misururu mirefu ya Busia na Malaba, matangazo ya afya yaliyobandikwa huku na huku hayakuwa pambo. Dereva aliye ndani ya gari, mbali na ukuta, mwenye Kiswahili cha kujifunzia njiani, anahitaji herufi isiyo na kivuli. Tangazo la namna hiyo likichapwa lote kwa Algerian, limependeza, lakini halijatangaza.

Ng'ambo bila kidoto

Kiswahili sanifu kina bahati moja kubwa katika uchapaji. Tangu usanifishaji wa miaka ya 1930, tahajia yake inahitaji herufi za kawaida za Kilatini tu, bila alama za juu wala za chini. Kinaweza kuvaa karibu fonti yoyote duniani. Majirani hawana raha hiyo: tahajia rasmi ya Luganda, lugha inayosikika sana katika biashara upande wa Uganda, ina herufi ŋ. Algerian haina herufi hiyo, na kompyuta inapoikosa huazima kutoka fonti nyingine, ikatokea herufi moja uchi katikati ya wenzake waliovaa suti.

Sisi sauti hiyohiyo tunaiandika ng', na usalama wake wote uko kwenye kidoto kile cha juu, ritifaa. Hapo ndipo Algerian inapotuumiza. Katika herufi ndogo, ritifaa hukaa peke yake juu ya uwanja mweupe, na jicho huiona. Katika herufi kubwa nene zenye kivuli, hubanwa kati ya G na irabu, ikafanana na kipande cha kivuli kilichomeguka. Mchapaji huiona kama uchafu akaifuta. Kwenye vibandiko vya plastiki vinavyokatwa kwa mashine na kubandikwa kwenye vioo vya magari na maduka, ritifaa ndicho kipande kidogo kuliko vyote, na ndicho cha kwanza kubanduka jua likiwaka. Hata ilipo, mara nyingi imehamishwa: N'GOMBE ni tahajia ambayo msomaji ataiona kwenye bucha zaidi ya moja pande zote za mpaka.

Kwa mzawa wa Kiswahili, hilo ni kosa la kucheka. Anasoma NGOMBE na kutamka ng'ombe bila kujua kwamba amesahihisha. Lakini mpakani mwetu wasomaji wengi si wazawa wa lugha hii. Nyumbani wanazungumza Kisamia, Kiteso, Dhopadhola, Luganda. Mwanafunzi wa Tororo anayejifunza Kiswahili darasani hukutana nacho pia barabarani, na barabara inamfundisha NGAMBO. Ng'ambo, neno ambalo lingefaa kuandikwa kwa dhahabu mahali palipo na miji miwili yenye jina moja, linaandikwa kana kwamba lina ng ya ngano. Na wapo wanaotangaza kwamba WANANGOA MENO. Ng'oa ni kutoa kitu kwa mizizi. Ngoa, kwa walioisahau kamusi, ni tamaa au wivu. Tusimtume mgonjwa huko.

Penye uzito zaidi ni majina ya watu. Okong'o, Ng'ang'a, Wang'ombe: haya yakiingia kwenye cheti kilichochapwa kwa Algerian, mara nyingi hutoka OKONGO, NGANGA, WANGOMBE. Mwenye cheti hulipokea kwa furaha siku ya mahafali. Miaka michache baadaye, akiomba kazi au pasipoti, karani hulinganisha cheti na kitambulisho na kumwambia kwamba hawa ni watu wawili. Ataambiwa aape kiapo kwa wakili, alipe, arudi. Ritifaa iliyofutwa kwa sababu haikupendeza imemgharimu nauli na siku za kazi. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote tulizotaja, na ndiyo ya kumweleza mwalimu mkuu anayependa Algerian kuliko hoja yoyote ya urembo.

Darasani

Mambo haya yanazidi kutuhusu kadiri Kiswahili kinavyopanuka upande wa Uganda. Katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa miaka ya kwanza ya sekondari, ulioanza 2020, ukakiweka miongoni mwa masomo ya lazima. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji unakwenda kwa mwendo wake, walimu wakiwa wachache. Shule nyingi hazina vitabu vya kutosha, kwa hiyo chati za ukutani na karatasi zilizochapwa na mwalimu mwenyewe ndizo vitabu.

Tumewaona wanafunzi wetu wakitoka mazoezi ya ufundishaji na chati za ngeli zilizochapwa zote kwa Algerian, zikafunikwa kwa plastiki kwa gharama yao. Nia ni njema na kazi ni safi. Lakini mtoto anayetazama chati hiyo muhula mzima hajifunzi kwamba Kiswahili huanza kwa K kubwa na kiatu kwa k ndogo. Hajui sentensi inaanzia wapi. Akiandika insha, anachanganya herufi kubwa katikati ya neno, nasi tunampunguzia alama kwa kosa alilolisoma ukutani mwetu.

Matumizi yafaayo, basi, ni haya. Algerian iwekwe kwenye kichwa, si kwenye mwili wa matini. Maneno yasizidi manne au matano. Ukubwa usipungue pointi 24. Chini ya hapo utepe mweupe ulio kati ya mwili na kivuli huzibika, hasa karatasi ikipitia mashine ya kurudufisha mara ya pili na ya tatu, na kinachobaki ni doa. Kwa sababu hiyohiyo haifai kwenye muhuri wa mpira, ambao wino wake huziba utepe huo kwa wiki moja. Isikozwe wala isipigiwe mstari, kwa kuwa imeshakozwa na Sheffield. Kwenye cheti, neno CHETI na jina la shule vinaweza kuvaa Algerian, lakini jina la mhitimu liandikwe kwa herufi kubwa na ndogo za fonti tulivu yenye serifu, kama Times New Roman au Garamond, ili ritifaa ionekane. Karatasi ya mtihani isiiguse kabisa.

Fundi wa kompyuta akiambiwa haya kwa upole huyakubali. Asemwe kama mwenzetu katika kazi ya maandishi, maana kila wiki anachapa Kiswahili kingi kuliko idara yetu.

Muhula huu tunawaomba wanafunzi wa mwaka wa pili wanaokwenda mazoezini Busia, Malaba na Tororo wanakili maneno 20 yenye ng' kutoka kwenye mabango, kama yalivyoandikwa, wakionyesha fonti, ukubwa wa herufi na mahali pa ritifaa. Majina ya wenye maduka yasiandikwe. Wanaotumia Word wakumbuke kwamba ritifaa hupigwa kwa kitufe cha alama ya nukuu moja, kilicho karibu na kitufe cha Enter, wala si kile cha juu kushoto chini ya Esc, ambacho hutoa mkwaju uliolala upande mwingine. Orodha zifikishwe ofisini kwa mhariri kabla ya wiki ya 10.